Kumkatia Sungura Bima: Hesabu Yake Ikoje?

Sungura wa binti yangu aliitwa Pamba. Jumamosi moja ya Agosti aliacha kula. Asubuhi alikataa majani ya karoti, mchana akakataa nyasi kavu, na ilipofika jioni alikuwa amejikunyata pembeni mwa kizimba akisaga meno. Nikasema tungoje, kesho atakula. Mbwa akikosa hamu siku moja mara nyingi huirudia sahani mwenyewe. Sungura sivyo: utumbo wake unataka kitu kinachopita saa zote, na akikaa nusu siku bila kula tayari hiyo ni dharura. Jumapili nilipata kliniki iliyokuwa wazi, nikalipa nilichoambiwa bila kubishana, tukarudi nyumbani South B na chupa ya dawa ya kumnywesha. Ilikuwa amoksilini. Jumanne alfajiri binti yangu alimkuta amekauka.

Miezi kadhaa baadaye daktari wa wanyama anayewafahamu hawa wadogo alinieleza. Dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni mwa sungura, simbilisi au hamsta, huua vijidudu vinavyosaidia utumbo na kuwaachia nafasi vile vinavyotoa sumu. Ni jambo linalofundishwa kwenye utabibu wa wanyama kwa miongo mingi. Aliyetuhudumia hakulijua, au hakulikumbuka siku hiyo.

Kila ninapomtaja Pamba, mtu huniuliza kama nilikuwa nimemkatia bima. Huuliza kwa nia njema. Watu wengi hapa Nairobi wana simbilisi kwenye roshani, kasuku sebuleni au hamsta kwenye chumba cha mtoto, na wamesoma mtandaoni kwamba wenzao wa Uingereza na Marekani huwakatia wanyama wao bima, basi wanajiuliza kama nao wamezembea. Mwaka jana jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mwalimu mstaafu, alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza moja kwa moja: "Mama Neema, wewe unayesoma mambo haya, huyu kasuku wangu nimkatie bima au nisimkatie?"

Sikuwa na jibu, na swali la mzee huwezi kulipita. Nikaanza kuuliza, kusoma na kupiga hesabu. Nilichokipata ni kwamba kwa wengi wa wanyama wadogo, bima ni njia ghali ya kujilipia mwenyewe. Wapo wachache ambao kwao hesabu hugeuka. Lakini ili mtu ajue mnyama wake yuko upande gani, lazima kwanza aelewe bima inafanya kazi vipi, maana hapo ndipo mkanganyiko wote unapoanzia.

Chama cha mazishi na sungura

Tuache kampuni kwanza. Watu ishirini wa mtaa mmoja wanachanga shilingi 500 kila mwezi ili msiba ukimfikia mmoja wao, mwili usafirishwe hadi Siaya au Kitui bila familia kuuza shamba. Hiyo ni bima kamili, hata kama haina hati wala wakala. Na inasimama kwa sababu nne ambazo wanachama huzijua bila kufundishwa. Msiba hauji kwa kila mtu kila mwezi. Ukija, gharama yake ni kubwa kuliko mfuko wa mtu mmoja. Wanachama wanafanana kiasi, hakuna anayejua kwamba mwenzake ataleta misiba kumi. Na msiba ukitokea, kila mtu anaweza kuuthibitisha: kuna matanga, kuna kibali cha kuzika.

Ondoa mojawapo ya hizo nne na chama kinaanza kuyumba. Mfikirie sasa hamsta. Anaishi miaka miwili au mitatu, kwa hiyo ugonjwa wa mwisho hauko mbali. Ni jambo la hakika linalosubiri tarehe. Gharama yake, hata akitibiwa vizuri, mara nyingi haizidi mfuko wa aliyemnunua. Wenzake wa kuchanga nao ni wachache, na hawafanani: huyu ana hamsta, yule ana samaki wa mapambo, yule mwingine ana kasuku anayeweza kuishi miaka hamsini. Na akifa, nani atathibitisha kwamba aliyekufa ndiye yule yule aliyeandikwa kwenye hati? Sebuleni kuna wanne wa rangi moja.

Sabuni ya roho ni fedha, husema wahenga, lakini bima haikuwekwa kusafisha roho. Inalipa hasara ya mfuko. Watu wengi wanaonunua bima ya mnyama mdogo wananunua kitu kingine kabisa, yaani kujihisi kwamba wametimiza wajibu wao kwa kiumbe wanayempenda. Naielewa hisia hiyo vizuri mno. Ila kampuni haiwezi kuiuza, na hati yake haiiahidi.

Ilivyoanza kwa farasi

Bima ya wanyama tunayoijua leo inafuatiliwa hadi Sweden, ambako mwaka 1890 Claes Virgin alianzisha kampuni ya kuwakatia bima farasi na mifugo. Farasi wa wakati huo alikuwa kama matatu ya leo: akifa, nyumba haili. Mbwa wa kwanza alikatiwa bima hukohuko Sweden mwaka 1924. Marekani walisubiri hadi 1982, na mnyama wao wa kwanza alikuwa Lassie, mbwa wa televisheni. Utaona mwelekeo: bima ilianza kwa mnyama anayeleta riziki, ikaenda kwa mnyama anayependwa, na ilipofika kwa anayependwa ilishikilia mbwa na paka.

Sababu si ubaguzi. Mbwa na paka ni mamilioni, umri wao hujulikana, magonjwa yao yamehesabiwa, bei za matibabu yao zina kumbukumbu, na kila mmoja anaweza kuwekewa kachipu kadogo chini ya ngozi kenye namba yake. Kampuni ikiwa na vitu hivyo inaweza kukadiria ni wangapi kati ya elfu moja wataugua mwaka huu. Sungura walipata nafasi Uingereza kwa sababu kule wanafugwa kwa wingi majumbani. Ndege na wanyama watambaao wamebaki mikononi mwa kampuni chache mno. Marekani jina linalotajwa zaidi kwa ndege na wanyama wa ajabuajabu ni Nationwide. Kwa hiyo mtu anayesoma kwamba "Wazungu hukatia bima hata mijusi" amesoma kweli, lakini hakuambiwa kwamba hata kwao hilo ni duka dogo pembeni mwa soko.

Sisi nasi tuna historia yetu ya bima ya wanyama, na ina fundisho kubwa kuliko ile ya Lassie. Mkulima wa Githunguri au Kinangop anaweza kumkatia bima ng'ombe wake wa maziwa. Daktari wa mifugo huja, humpima, huandika thamani yake, humtia hereni ya sikio yenye namba. Ng'ombe akifa, daktari hurudi, hupasua mzoga na kuandika ripoti ya kilichomuua. Safari mbili za daktari, ripoti mbili, makarani wa kuzisoma. Gharama hizo zinavumilika kwa sababu ng'ombe mmoja ana thamani ya laki na zaidi.

Sasa nenda Marsabit. Mfugaji ana mbuzi na ngamia wanaotembea kilomita mamia kutafuta malisho. Hakuna kampuni inayoweza kumtuma daktari akague kila mzoga jangwani. Watafiti wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyo hapa hapa Nairobi upande wa Kabete, wakaja na njia nyingine. Kuanzia 2010 bima ikaacha kumwangalia mnyama, ikaangalia ardhi: setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kila mwenye bima wa eneo hilo hulipwa, awe amepoteza mbuzi au hakupoteza. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake wa aina hiyo, ikaanza na Turkana na Wajir.

Nimekaa kwenye habari hii kwa sababu inaonyesha mahali ambapo bima ya mnyama hukwama, na si pale watu wengi wanapodhani. Hukwama kwenye gharama ya kuthibitisha. Kwa ng'ombe wa maziwa gharama hiyo inabebeka. Kwa mbuzi wa Marsabit haikubebeka, ikabidi itafutwe setilaiti. Kwa simbilisi wa Kileleshwa haibebeki, na hakuna setilaiti inayoweza kumwona. Karani anayefungua dai la shilingi 3,000 la simbilisi hutumia muda ule ule anaoutumia kufungua dai la ng'ombe. Mshahara wa muda huo lazima utoke mahali, na mahali penyewe ni ada yako.

Nilipopigia simu mawakala kadhaa wa bima mjini kuulizia sungura, karibu wote waliniuliza shamba liko wapi na sungura ni wangapi. Sikuwalaumu. Kwao sungura ni mfugo wa nyama, na anahesabiwa kwa makumi.

Mnyama wa kigeni ni yupi?

Hapa kuna fundo ambalo lisipofunguliwa mtu anaweza kuingia matatani kabla hata hajafika kwenye bima. Makala za Ulaya na Marekani zinapozungumzia wanyama wa kigeni, mara nyingi huwataja wanyama wetu: kobe wa mabaka, kinyonga, chatu, kalunguyeye, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Kwao ni wageni. Kwetu wengi wao ni wanyamapori, na wako chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori, ni kosa, hata kama kobe alijiingilia mwenyewe kwenye bustani yako ya Karen na watoto wakampa jina.

Wageni halisi kwetu ni wale tunaowaona wa kawaida. Simbilisi asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Wale kasuku wadogo wa kijani na buluu wanaouzwa wawili wawili kwenye vizimba vya waya ni wa Australia. Sungura wa kufugwa alitoka Uhispania na Ureno. Hamsta wa dhahabu ni wa Syria. Hawa ndio unaoweza kuwafuga bila hofu ya kuvunja sheria ya wanyamapori.

Na sheria hiyo haichezewi siku hizi, hata kwa viumbe wadogo. Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji, raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja, kwa kukutwa na maelfu ya chungu hai waliokusudiwa kuuzwa ng'ambo kwa wafugaji. Chungu! Aliyedhani mdudu hana mwenyewe alijifunza siku hiyo.

Kasuku wa Mwalimu ni wa kijivu. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa Johannesburg wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kasuku huyo alipandishwa kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi, ile inayozuia biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini. Mwalimu alimpata kwa rafiki aliyehama nchi zaidi ya miaka kumi iliyopita, wakati watu hawakuulizana karatasi. Nilipomweleza haya alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo nimeishi na mgeni asiye na kitambulisho."

Hili linahusiana na bima moja kwa moja. Huwezi kukata bima ya kitu ambacho sheria haikutambui kuwa mwenye haki nacho. Ndiyo maana sikatii bima gari la jirani. Mkataba uliojengwa juu ya umiliki haramu hausimami mahakamani. Utalipa ada miaka mitano, na siku ya dai kampuni itaomba kibali, na hapo utakuwa umepoteza ada, umepoteza dai na umejitangaza mwenyewe. Kwa wanyama wa aina hii kibali kwanza, bima baadaye.

Tupige hesabu

Nitatumia namba za mfano tu, uweke zako.

Chukua sungura mmoja. Tuseme kila mwaka ana nafasi moja kati ya tano ya kuugua kiasi cha kuhitaji matibabu ya shilingi 6,000. Wastani wa hasara kwa mwaka ni 1,200. Kama kampuni ingekuwa chama cha mtaani, ada ingekuwa 1,200 na hadithi ingeisha. Lakini kuna wakala, karani, tozo na ushuru wa stempu, na faida ya mwenye mtaji. Ada ikawa, tuseme, 2,500. Kisha hati inasema kila dai lazima ujilipie shilingi 2,000 za mwanzo. Sasa kampuni ikilipa, inalipa 4,000, tena mara moja kwa miaka mitano, yaani 800 kwa mwaka. Unatoa 2,500 upate 800. Punguza ada utakavyo, gharama ya kuendesha haitashuka sawa na udogo wa sungura.

Mtu anaweza kusema bima zote ziko hivyo, na ni kweli. Hata ya gari, kwa wastani unalipa zaidi ya unachorudishiwa. Vinginevyo kampuni zingefungwa. Tunaikubali hasara hiyo ndogo ya kila mwaka ili tuepuke ile kubwa ambayo ingetuangusha. Kwa hiyo la kujiuliza ni kama bili kubwa zaidi unayoweza kuifikiria ingeivunja nyumba yako. Shilingi 6,000 za sungura zinauma, lakini kwa mwenye mshahara hazimuuzii mtu kiti.

Sasa mchukue kasuku wa Mwalimu, tukidhani karatasi zake zimekamilika. Amepigwa na feni, au ana uvimbe. Vipimo vya damu, picha ya eksirei, nusukaputi, upasuaji, siku kadhaa za kulazwa chini ya taa ya joto. Tuseme bili ni 90,000, na jambo kama hilo humpata mara moja katika miaka 15. Wastani ni 6,000 kwa mwaka. Kampuni ikitoza 10,000, kwa hesabu kavu Mwalimu anapoteza 4,000 kila mwaka. Lakini Mwalimu anaishi kwa pensheni. Bili ya 90,000 kwa siku moja ingemlazimu achague kati ya ndege na karo ya mjukuu. Kwake yeye hizo 4,000 ni bei ya kutowahi kusimama mbele ya uamuzi huo, na mimi naiona bei hiyo kuwa ya haki. Kwa jirani mwingine mwenye kasuku kama huyo na laki tatu kwenye Sacco, ushauri wangu ungekuwa tofauti. Ndege mmoja, ugonjwa mmoja, majibu mawili.

Ndio maana sikubaliani na wanaosema bima ya wanyama wadogo ni utapeli, wala na wanaosema kila mpenda wanyama anaihitaji. Wote wamemwangalia mnyama wakasahau kuangalia mfuko.

Kuna upande wa mbwa ambao lazima niutaje, kisha niuache. Mbwa anaweza kumng'ata mtoto wa mtu, na sehemu yenye maana zaidi ya bima ya mbwa ni ile inayomlipa aliyeumizwa, kama bima ya mtu wa tatu ya matatu. Simbilisi hana dhambi hiyo.

Kinachoandikwa kwa herufi ndogo

Ukipata kampuni iliyo tayari, hakikisha kwanza imesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Kisha soma hati kuanzia pale panapoandikwa yasiyolipwa. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kusaini kwa kawaida haulipwi, na kwa wanyama wadogo hilo lina makali ya pekee, kwa sababu wao huficha ugonjwa. Sungura na ndege ni mawindo. Porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa, kwa hiyo hujikaza mpaka nguvu zinapoisha. Unapoona dalili leo, kampuni inaweza kusema kwa haki kabisa kwamba ugonjwa una miezi. Halafu kipo kipindi cha kungoja mwanzoni, umri ambao wakishaupita hawapokelewi, na kikomo cha malipo kwa mwaka.

Meno ya sungura huota maisha yake yote. Asipotafuna nyasi za kutosha hurefuka, humchoma shavuni, na inabidi yakatwe tena na tena. Hati nyingi huyaita meno kuwa utunzaji wa kawaida, hazilipi. Kuhasi na kufunga kizazi navyo ni hiari. Na hili linanisikitisha, maana sungura jike asiyefungwa kizazi yuko kwenye hatari kubwa ya saratani ya mfuko wa uzazi akishapita miaka minne hivi; upasuaji ule wa hiari ndio ungemwokoa. Kasuku anayejinyonyoa manyoya kwa upweke huhesabiwa kuwa na tatizo la tabia, na tabia hailipiwi.

Kwa wale waliokuja Nairobi kikazi, walio Gigiri na Runda wakiwa na sungura aliyekatiwa bima kwao: nyingi ya bima hizo hulipa tu matibabu yaliyofanyika katika nchi bima ilikotolewa. Andikia kampuni uulize kwa maandishi kabla hujaendelea kulipa.

Na usifiche kitu unapojaza fomu. Mkataba wa bima umesimama juu ya kusema ukweli wote, hata ule usioulizwa. Kama sungura aliwahi kuugua masikio kwa sababu ya utitiri, andika.

Kama si bima, basi nini?

Kwa wanyama wadogo wengi, fedha zako mwenyewe zikae mahali pasipofikika kwa urahisi. Udhaifu wa akiba unajulikana: ugonjwa unaweza kuja mwezi wa pili wakati umeweka 1,000 tu. Dawa yake ni kugeuza mpangilio. Kabla hujamchukua yule sungura wa barabarani anayeuzwa kwa bei ya kilo mbili za nyama, weka kwanza kiasi cha dharura moja kwenye akaunti ya kufunga ya M-Shwari au kwenye Sacco. Bei ya sungura inadanganya. Ni mlango tu wa gharama zake. Kisha ongeza shilingi 500 kila mwezi. Baada ya miaka mitatu una 18,000 juu ya ile ya mwanzo, na Mungu akijaalia sungura asiugue, fedha ni zako. Ukiwa na simbilisi watano, mfuko ni huo mmoja, ilhali bima ingetaka hati tano.

Sehemu kubwa ya dharura zenyewe huanzia jikoni na dukani, na kuzizuia hakugharimu chochote. Simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Kipande cha pilipili hoho, ile isiyowasha, au majani ya sukuma wiki kila siku kinamkinga na ugonjwa unaomfanya avimbe viungo na kutokwa damu kwenye fizi. Parachichi, ambalo sisi tunalo hadi tunagawa, ni sumu kwa kasuku. Sufuria isiyoshika chakula ikisahauliwa motoni ikapita kiwango, moshi wake, ambao wewe huuhisi kwa shida, unaweza kuua ndege wote ndani ya nyumba kwa dakika chache. Jiko la makaa kwenye chumba kisicho na hewa nalo ni hivyo hivyo. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fiproni isimguse sungura kabisa. Na usinunue antibayotiki ya sungura kwenye agrovet kwa kukisia uzito. Nimeshaeleza iliyompata Pamba.

Hapo narudi kwa Pamba, maana ndipo nilipoelewa kilichopungua. Siku ile sikukosa fedha. Ningekuwa na bima bora kuliko zote, ingenirudishia bili ya kliniki ile ile na dawa ile ile. Tulichokosa ni mtu anayemjua sungura, na kujua kwetu wenyewe kwamba Jumamosi jioni haingoji Jumapili. Kwa hiyo kabla ya kutafuta wakala, tafuta daktari. Kitivo cha Tiba ya Wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete, kina kliniki ya wanyama wadogo, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya ina orodha ya waliosajiliwa. Piga simu mnyama akiwa mzima. Uliza waziwazi: umeshawahi kumpa sungura nusukaputi? Ndege je? Usiku ukiitwa unapatikana, na ni shilingi ngapi? Mwenye uzoefu hatakasirika. Asiye nao, akiwa mkweli, atakuelekeza kwa mwenzake, na hilo pekee lina thamani kubwa.

Mwalimu alifanya hivyo. Alipata daktari wa ndege, akampeleka kasuku akapimwa uzito na damu, akaambiwa apunguze alizeti na aongeze mboga za rangi, karoti na majani mabichi, kwa sababu kasuku wanaolishwa mbegu tupu hupungukiwa na vitamini A. Kuhusu KWS, aliandika barua mwenyewe kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaeleza ndege alimpata kwa nani na lini, na kuomba aelekezwe. Bado anasubiri jibu. Likija na kibali, tumekubaliana tukae kwenye meza yake tuisome hati ya bima pamoja, tukianzia kurasa za nyuma.